Kibanzi na Boriti ni vya Mti Mmoja

Baba yangu alikuwa seremala wa Muheza. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara, na mimi, binti pekee kati ya watoto watano, ndiye niliyependa kushinda humo baada ya shule. Kazi yangu ilikuwa kufagia. Maranda niliyakusanya kwenye gunia kumpelekea mama akawashie moto, na vipande vya mbao nilivipanga ukutani kwa urefu wake, kwa sababu baba hakutupa kitu.

Siku moja mwaka 1978, nikiwa na miaka tisa, baba alikuwa anachonga mguu wa kitanda kwa patasi. Ulikuwa mti wa mtiki, mgumu. Niliinama karibu mno kutazama, kibanzi kikaruka na kuniingia jichoni. Nikapiga kelele. Nilitegemea baba anirukie palepale, lakini hakufanya hivyo. Aliweka patasi chini, akaenda kwenye ndoo nyuma ya kibanda, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Kisha akakinga maji viganjani, akauinamisha uso humo na kufumbua macho ndani ya maji, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Mimi nalia, "Baba, njoo!" Akanijibu bila kugeuka, "Subiri, mwanangu. Macho yangu yamejaa vumbi la mbao. Nikija hivi nitakutoboa."

Alipokuja, alinilaza kwenye benchi, kichwa kikiwa upande wa mlangoni penye mwanga. Akainua kope, na kwa ncha ya leso safi iliyoloweshwa maji akakitoa kile kibanzi kwa mguso mmoja. Akaniwekea kiganjani nikione. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama.

Kwa miaka mingi nilichokikumbuka katika kisa kile ni kwamba baba alinichelewesha nikiwa na maumivu. Nilikuwa na karibu miaka arobaini nilipoelewa alichokuwa anakifanya kwenye ile ndoo.

Mwaka 2008 nilikuwa naishi Dar es Salaam. Nilikuwa mke na mama wa watoto watatu, mhasibu katika ofisi moja, na katibu wa kikundi cha akina mama kanisani kwetu. Nyumbani tulikuwa na binti wa kazi wa miaka kumi na tisa, mwenyeji wa Singida. Watoto walimwita dada, nasi wakubwa tukamwita hivyo hivyo. Aliamka saa kumi na moja alfajiri na kulala baada yetu sote. Tulikuwa tumepatana mshahara wa shilingi 30,000 kwa mwezi, kula na kulala juu yangu.

Mwezi wa Desemba sikumlipa, kwa sababu ya Krismasi. Januari sikumlipa, kwa sababu ya ada na sare za shule. Februari sikumlipa kwa sababu nilikuwa nimeahidi mchango wa harusi, na pia akina mama tulikuwa tumekubaliana kununua kitenge cha sare kwa ajili ya Pasaka. Kila alipoligusia jambo hilo, kwa sauti ya chini, mikono ikiwa nyuma, nilimjibu, "Nakutunzia. Ukizishika wewe utazimaliza kwenye vocha na mitumba." Naye aliitikia, "Sawa, Mama," akarudi jikoni.

Baadaye nikaanza kuona kwamba chenji ya sokoni haikai sawa. Nyanya zilikuwa zinapanda bei nyumbani kwangu wakati sokoni hazijapanda. Hesabu ndiyo kazi yangu, nikaanza kufuatilia kimya kimya. Jumatano moja, ndani ya Kwaresma, nilimtuma dukani, nikaingia chumbani kwake na kufungua mkoba wake. Chini ya nguo nilikuta khanga iliyofungwa fundo kwenye ncha. Nikalifungua. Zilikuwa shilingi 3,400, nyingi zikiwa sarafu.

Sikumwita. Sikumuuliza. Nilizichukua zile fedha na kuziweka juu ya meza ya sebuleni, kwa sababu alasiri ile ibada ya nyumba kwa nyumba ilikuwa zamu yetu.

Walikuja akina mama wapatao kumi na wawili. Tuliimba, tukasali, likasomwa neno. Somo lilitoka Isaya sura ya 58, pale nabii anapowakemea watu wanaofunga na kuvaa magunia ilhali siku hiyohiyo ya mfungo wanawakandamiza watu wanaowafanyia kazi. Mimi ndiye niliyelisoma. Nilisoma kwa sauti nzuri, nikapumzika penye vituo, na sikusikia hata neno moja.

Baada ya somo nikaomba nafasi. Nikaeleza jinsi shetani alivyoingia nyumbani mwangu, nikaonyesha zile sarafu. Dada alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Vikombe vilikuwa vinagongana. Akina mama waliguna, mmoja akasema wasichana wa siku hizi ni wa kuombewa, mwingine akanishauri nimrudishe kwao kabla hajaniletea makubwa zaidi.

Kwenye kona, juu ya mkeka kwa kuwa viti vilimuumiza kiuno, alikuwa ameketi bibi mmoja mjane, mkubwa kuliko sisi sote. Alikuwa hajasema kitu tangu ibada ianze. Akanitazama akaniuliza, "Mwanangu, na mshahara wake anaweka wapi?"

Nikajibu, "Namtunzia mimi, Bibi."

"Umefanya vizuri. Wa miezi mingapi?"

"Mitatu."

"Basi kaulete, mwanangu. Tuutie pamoja na hizi, tuone jumla yake."

Hapakuwa na ukali wowote katika sauti yake. Naamini mpaka leo kwamba aliamini fedha zile zipo. Nilisimama, nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikafungua kabati. Sijui nilifungua kabati kwa nini, maana nilijua hamna kitu. Kulikuwa na mashuka, na juu ya mashuka kile kitenge cha Pasaka, bado kina karatasi ya dukani. Nilisimama mbele yake nikisikia ukimya wa sebuleni. Hakuna aliyezungumza. Walikuwa wananingoja.

Hapo ndipo nilipomwona baba, aliyekuwa amefariki miaka saba kabla, ameinama kwenye ndoo akiosha macho yake.

Nikarudi sebuleni nikasema, "Hazipo, Bibi." Naye akasema, "Haya. Tusali." Akasali sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia katika ibada zetu, hakutaja kosa la mtu yeyote. Wakati wa kuondoka nilimshika mkono kumsindikiza, akaniambia pale kizingitini, "Yule mtoto amekukosea, sikatai. Lakini kati yenu wawili, wewe ndiye unayedaiwa. Anza na deni."

Usiku ule sikulala. Nilifanya hesabu, kama kazi yangu inavyonituma. Yeye alikuwa amechukua kwangu shilingi 3,400 ninazozijua. Mimi nilikuwa nimechukua kwake 90,000. Na si kwamba la kwangu lilikuwa kubwa tu, lilikuwa la aina ileile. Sote wawili tulikuwa tumeshika fedha ya mwenzetu bila ridhaa yake. Tofauti ni jina. La kwake nililiita wizi. La kwangu nililiita kutunza.

Ninaamini hapa ndipo lilipo jambo zima. Hatushindwi kuona makosa yetu kwa sababu yamejificha. Tunashindwa kwa sababu tumeyapa majina mazuri. Uchoyo wangu ni uangalifu, wa jirani ni roho mbaya. Nikisema watu, ninawaombea. Wakinisema mimi, wananisengenya. Nikimfokea mtoto, ninamlea. Jirani akimfokea wake, anamtesa. Wahenga walisema nyani haoni kundule, na ni kweli. Ila sisi tunaweza kuliona siku tukikubali kuliita kwa jina lake.

Yesu, katika mafundisho yake ya mlimani yaliyo kwenye Mathayo sura ya 7, alitumia mfano wa kibanzi kilicho katika jicho la ndugu na boriti iliyo katika jicho la mwenye kukosoa. Marko sura ya 6 inatukumbusha kwamba yeye mwenyewe alikuwa seremala. Naona mkono wa fundi katika mfano huo. Yeyote aliyefagia karakana anajua kwamba kibanzi na boriti ni vya mti mmoja. Kibanzi ni boriti iliyochongoka. Kosa linaloniudhi kupita kiasi kwa mwenzangu, mara nyingi ninalifahamu vizuri kwa sababu gogo lake limelala ndani yangu.

Na sisi tuliozaliwa pwani tuna la ziada la kujifunza katika neno boriti. Baba alipata kunichukua hadi Pangani alipoitwa kutengeneza dari katika nyumba moja ya zamani ya mawe. Alinionyesha juu, miti ya mikoko iliyopangwa sambamba kutoka ukuta hadi ukuta. Akanieleza kwamba vyumba vya nyumba zile ni vyembamba kwa sababu mkoko hauna urefu mkubwa, na fundi hawezi kutanua chumba kuliko boriti zake. Nikamuuliza kwa nini asiing'oe ile moja iliyoliwa na mchwa. Akasema, "Ukiing'oa tu, dari inakushukia. Lazima utie nguzo kwanza, ndipo uitoe."

Boriti yangu nayo ilikuwa inashika dari. Juu ya ile 90,000 isiyolipwa lilikaa jina langu lote: mama asiyekosa mchango wa harusi, ambaye watoto wake wana sare mpya, katibu aliyekuwa wa kwanza kununua kitenge. Ndiyo maana kuikubali kuliniwia vigumu. Kuitoa kulimaanisha kuacha sifa ile iporomoke mbele ya watu walewale walioijenga. Mtu anayekuambia kwamba toba ni rahisi hajawahi kung'oa boriti ndani ya nyumba anamoishi. Na nguzo ya kutia kabla ya kuing'oa ni moja tu: kujua kwamba Mungu ananipenda hata dari ikianguka. Bila hiyo, hakuna atakayethubutu.

Mfalme Daudi alipitia njia hiyo. Katika 2 Samweli sura ya 12, nabii Nathani alimsimulia habari za tajiri mwenye mifugo tele aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi alikasirika, akatoa hukumu ya kifo, na akaagiza kondoo yule alipwe mara nne, kama torati ilivyoamuru katika Kutoka sura ya 22. Sheria aliijua vizuri, na hasira yake ilikuwa ya haki. Kilichomfumba macho ni kwamba kesi ililetwa kwa jina la mtu mwingine. Nathani alipomwambia kwamba mtu yule ni yeye, Daudi hakumfukuza nabii wala hakutafuta jina zuri la kosa lake. Alikiri. Kwangu mimi ukuu wa Daudi uko hapo, kuliko kwenye jiwe lililomwangusha Goliathi.

Usiku ule nilisoma pia Mathayo sura ya 18, mfano wa mtumishi aliyesamehewa talanta elfu kumi, akatoka nje na kumkaba koo mwenzake kwa ajili ya dinari mia. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, na talanta moja ilikaribia dinari 6,000. Nikapiga hesabu: deni alilosamehewa ni kazi ya siku milioni 60, deni alilolidai ni kazi ya siku 100. La kwanza ni kubwa kuliko la pili mara 600,000. Nilipoifikia tarakimu hiyo niliifunga Biblia nikalia. Na sura hiyohiyo, aya chache kabla ya mfano huo, ilinionyesha jambo la pili nililoliruka. Yesu anafundisha kwamba ndugu akikukosea, uende kwake kwanza, mkiwa wawili peke yenu. Mimi nilianza na mkutano. Nilimvua nguo mtoto wa mwenzangu mbele ya watu kumi na wawili kabla sijamuuliza swali hata moja.

Ijumaa nilikopa 90,000 kwenye kikundi chetu cha kukopeshana. Jioni, watoto wakiwa wamelala, nikaenda jikoni nikaketi kwenye kigoda, naye nikamwomba aketi kwenye kingine. Nikamwekea fedha mapajani. Nikamwambia, "Hizi si zawadi. Ni zako. Nilikudhulumu kwa miezi mitatu nikasema nakutunzia. Nilifungua mkoba wako bila ruhusa, tena nikakuaibisha mbele za watu. Naomba unisamehe."

Alizihesabu mara mbili. Kisha akachukua noti moja ya elfu kumi akaniwekea mkononi. Akasema, "Mama, nilichukua kweli. Si zile tu. Zinafika kama elfu tisa. Nyingine nilinunua sabuni na pedi. Niliona haya kuomba, maana kila nikiomba unasema unanitunzia."

Nilikuwa nimepekua, nimehesabu, nimemshtaki hadharani, na nilichokipata ni 3,400. Sasa nimekiri la kwangu tu, bila kumuuliza la kwake, naye ameweka lote mezani kwa hiari yake. Ile noti nilimrudishia. Sabuni na pedi zilikuwa juu yangu tangu siku ya kwanza.

Lakini hatukuliacha lile la chenji lipite hivi hivi, wala yeye hakutaka lipite. Tulinunua daftari la shilingi mia tatu. Upande wa kushoto aliandika fedha ya soko, alichonunua na chenji iliyobaki, nami nikatia sahihi. Upande wa kulia niliandika tarehe ya mshahara, naye akatia sahihi. Alikaa nasi mpaka Desemba, halafu akarudi Singida. Kurasa za pande zote mbili zilijaa, na hazikuwahi kupishana.

Jumatano iliyofuata ibada ile, nilisimama mbele ya akina mama walewale, nyumbani kwa mwingine, nikawaambia ukweli wote. Dada nilikuwa nimemwomba aje, akaketi mkekani karibu na Bibi. Nilidhani watanidharau. Baada ya ibada mama mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kwa kunong'ona, "Hivi wa miezi miwili nao ni dhuluma?" Nikamjibu ninavyokujibu wewe unayesoma: Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inaagiza ujira wa mtu maskini alipwe siku hiyohiyo, kabla jua halijatua.

Naomba nisieleweke vibaya. Wapo wanaolitumia fundisho hili la kibanzi na boriti kama blanketi la kufunikia uovu. Mtu anapiga mkewe, ukimsemesha anasema usihukumu. Kiongozi anakula sadaka, ukimhoji anasema nawe una boriti. Yesu hakusema kibanzi kibaki. Kibanzi kinauma, na kikiachwa kinaharibu jicho. Baba hakuniambia nivumilie kwa kuwa hata yeye macho yake yana vumbi. Alinawa, kisha akaja akakitoa. Mwenye kuumizwa asinyamazishwe kwa aya hii, na mwovu asijifiche nyuma yake. Agizo la Bwana linahusu utaratibu: langu kwanza, la mwenzangu baadaye, na nikifika kwake nifike na macho yanayoona na mkono usiotetemeka kwa hasira.

Nimegundua pia kwamba aliyekwisha kutoa boriti yake hukosoa kwa namna nyingine. Hakimbilii kusema mbele ya watu. Huuliza kabla ya kushtaki. Akijua jinsi ilivyomuuma kutolewa ya kwake, huinua kope ya ndugu yake taratibu. Mtume Paulo, katika Wagalatia sura ya 6, anawataka wanaomrejeza aliyekosa wafanye hivyo kwa upole huku wakijiangalia wenyewe. Bibi yule alikuwa hivyo. Angeweza kunisuta mbele ya watu wote. Aliniuliza tu fedha ziko wapi.

Bibi amekwisha kutangulia mbele za haki. Daftari bado ninalo, kwenye kabati lilelile, juu ya mashuka, mahali palipokuwa na kitenge.

Ndugu yangu, leo kabla hujafungua kinywa kumsema mtu, iwe kanisani, ofisini au sebuleni kwako, fanya jambo moja. Tafuta mtu aliye chini yako, anayekupikia, anayekulindia geti, anayekufulia, au hata mtoto wako mwenyewe, umuulize kwa upole, "Unanidai nini?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize. Akikutajia deni, lilipe kabla jua halijatua. Ya jirani yatakungoja.